Mdudu wa Mume Wangu

Hapa Buffalo wakiniuliza mume wangu alikufa na nini, nasema moyo. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Alikuwa mtu wa Honduras. Tulikutana kwenye ghala huko Jeffersontown, kando ya Louisville, tukifunga maboksi meza moja, na Kiswahili alikitoa kwetu sisi Wakongomani, pamoja na makosa yetu yote. Mwaka 2014 alianza kuzimia kazini. Hospitali ya Louisville ikamwekea mashine ndogo chini ya ngozi ya kifua, ya kuushtua moyo ukitaka kusimama. Daktari alisema mashine itazuia kifo cha ghafla, haitaponya moyo. Kisha wakampigia mkalimani simu ili na mimi nielezwe ugonjwa wenyewe.

Kiswahili cha yule mama wa kwenye simu kilikuwa kizuri kuliko changu. Akasema, "Mumeo ana mdudu katika damu tangu utotoni. Ndiye aliyeharibu moyo."

Kwetu ukisikia fulani ana mdudu, ni ukimwi, na hakuna anayeuliza zaidi. Sikuuliza. Nilishukuru, nikatoka nje, nikampigia dada yangu mkubwa aliyeko Columbus.

"Mdudu?" akasema. "Na weye ungali unalala mule? Bon, toka leo. Nguo utanunua huku."

Nikatoka. Mume wangu nilimwambia dada anaumwa. Miezi mitatu nilikaa kwa dada, mtaa wa Northland huko Columbus, nikiogesha wazee wa watu kwa kazi. Siku moja akanipigia simu.

"Mama, mashine imenipiga. Sawa teke ya punda."

Nikasema, "Pole." Nikasema niko kazini. Sikuwa kazini. Nilikuwa nimekaa kwa dada nakunja nguo.

Nilipopata ujasiri wa kupimwa, majibu yalitoka safi. Muuguzi alikuwa Mrundi, nikamweleza yote. Akaniuliza mume anatoka wapi, akaanza kucheka, halafu akaniona uso akaacha.

"Dada yangu, huyo ni mdudu wa kweli, mwenye miguu. Anakaa kwenye nyufa za kuta za udongo huko kwao, anauma watoto. Ugonjwa anaouacha si ule unaouogopa."

Nikapanda basi kurudi Louisville. Alinifungulia mlango mwenyewe, amekonda. Dada alikuwa ameshapeleka habari kwa watu wetu wa kanisani, nao walikuwa wameacha kumpa mkono.

"Karibu, mama," akasema. "Mdudu yangu haina meno."

Wiki ile nilimsindikiza kliniki. Mashine huandika kila inapopiga, na muuguzi wa pale akatusomea: mara nne, siku moja. Akataja tarehe. Ilikuwa siku ile ya simu.

Ndani ya basi nikamwuliza, "Mbona uliniambia moja?"

"Ungeniambia pole mara nne?"

Alisema akicheka, kama alivyotania watu mezani kazini. Mimi sikuweza.

Aliishi karibu miaka miwili tena. Mashine haikuuponya moyo, kama daktari alivyosema; ulivimba polepole, ndio uliomwua. Nilimpikia, nilimwogesha, nililala kitanda kimoja naye. Mashine ilimpiga tena mara kadhaa nami nikiwa ndani ya nyumba ile ile. Hakuniita hata mara moja. Nilikuwa nikiambiwa kliniki.