Jina Kwenye Mstari wa Kwanza

Enzi zetu ukimtajia mtoto wa Temeke neno kompyuta, anawaza ofisi za Posta, kiyoyozi na watu wa tai. Mie nilikuwa mtoto wa Tandika, wa rede na mdako, wa mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya kuwasha mpaka masikio. Asubuhi mchakamchaka, mchana shule, alasiri madrasa. Foleni za sukari zilikuwa zimeisha, ruksa ya kuagiza vitu nje imeingia, na makontena bandarini yalishusha kila kilichochokwa Ulaya: nguo, friji, baiskeli, na humo humo kompyuta chakavu.

Kompyuta hizo alikuwa akizinunua Bwana Murtaza, Muhindi wa Chang'ombe, fundi redio, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha walimu wetu. Baba alipeleka redio yetu kwake, nami nikamfuata, na nilipoona kioo cheusi chenye maandishi meupe miguu ikagoma kutoka. Baba akacheka, akamwomba anikalishe pale kila Jumamosi, angalau nisizurure. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Mdogo wake Bwana Murtaza aliyekuwa Kanada alimtumia sanduku la viatu limejaa flopi, zile diski bapa za plastiki za kuhifadhia mambo ya kompyuta, kila moja ina namba yake. Tulizilisha mashine moja baada ya nyingine, kama unamlisha mgonjwa uji. Ya thelathini na kitu ikigoma, au mgawo wa umeme ukipita, tunaanza upya. Watoto wa leo simu ikizunguka nusu dakika wanalia mtandao mbovu. Wangekaa pale siku moja tu, wallahi wangekoma.

Wakati tunasubiri, mke wake akituletea bagia na chai ya tangawizi, yeye alinihadithia ukoo wa kile tunachokiingiza, programu mama inayoendesha kompyuta nzima. Babu wa wote anaitwa Unix, alisema, kazaliwa kwenye maabara ya kampuni ya simu Marekani. Chuo kikuu kimoja cha California kikamchukua, kikamtia viraka na kumwongezea viungo, akatoka mtoto anayeitwa BSD. Wenye babu wakaja juu, mambo yakafika mahakamani, mpaka wakakaa wakapatana. Wakati huo mtu na mkewe walishamshusha huyo mtoto kwenye mashine ndogo za mezani. Watu wakawapelekea marekebisho, wakangoja weee, wakachoka, wakagawana mji. Waliotaka aende kwenye kila aina ya mashine wakajenga NetBSD. Waliotaka atulie kwenye mashine za bei rahisi kama yetu wakajenga FreeBSD, ndiyo iliyokuwa kwenye sanduku la viatu. Baadaye akaniambia mmoja wa wakubwa wa NetBSD kagombana na wenzake, kaenda kujenga yake, OpenBSD, akatia makufuli kila mlango.

Nilimuuliza, wanagombana hivyo na bado wanaazimana vitu? Akasema ndiyo, kwa sababu sharti la ukoo ule ni jepesi. Chukua, badilisha, hata kuuza uza. "Ila jina la aliyeandika, pale juu, usilitoe. Hilo tu, mwanangu." Nikaona sharti la bure kabisa. Nani atashindwa hilo?

Yeye alikuwa ameandika programu ya kuonyesha nyakati za sala. Sasa kwao Mashia, Magharibi husubiri wekundu wa mashariki uondoke, kwetu jua likizama tu, tayari. Tena ilihesabu saa za Kizungu. Nikamwomba niichukue niifanye yetu. Nilihangaika nayo miezi. Nilipunguza zile dakika za Magharibi, nikageuza saa zote ziwe za kwetu, Adhuhuri isomeke saa sita na kitu, si kumi na mbili na kitu. Nilikosea mara nyingi kwenye ile tofauti ya saa sita, maana ukitoa sita kwenye kumi na mbili sawa, lakini ukitoa sita kwenye tano ya alfajiri mashine inakupa pungufu ya sifuri. Siku ilipokubali, ikaandika kwa Kiswahili kuwa Alfajiri ni saa kumi na moja, nililia mbele ya Muhindi wa watu.

Nikamaliza kidato cha nne. Kampuni moja mjini ikatangaza kutafuta kijana mmoja wa kufundishwa kompyuta, aje na kitu alichokitengeneza. Nafasi ilikuwa moja. Mie kwa nafasi ile ningeuza hata macho. Kwetu msichana aliyemaliza shule alikuwa anangoja posa, na ya kwangu ilishaanza kunong'onwa.

Wiki ile malaria ikaniangusha. Shabani, mtoto wa ba'mkubwa, niliyenyonya naye ziwa moja, akasema lete dada nikupelekee. Nikampa flopi huku natetemeka. Alirudi akasema wameipokea. Baada ya mwezi alianza kazi pale yeye. Kumbe jina langu alilifuta kwenye mstari wa kwanza, akaweka lake.

Wazee wakakaa. Ba'mkubwa akasema mtoto wa kiume ana majukumu. Mama akanifuta machozi kwa khanga, akaniambia yaishe, ya nyumbani hayaendi barazani. Yaishe! Yameisha kwao. Shabani baadaye kampuni ilimsomesha nje, akajenga Goba, ana geti linalofunguka lenyewe. Mie niliolewa Tabata.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi, na nimelificha miaka yote.

Nilibaki na flopi ya pili, nakala yangu. Nilikimbilia Chang'ombe nayo, ndala mguuni, nikamwambia Bwana Murtaza yeye ndiye shahidi wangu, aende naye akawaambie wale watu ni kazi ya nani. Alikuwa tayari. Alishavaa na koti. Akasema kwanza tuione, tukaseme kitu tulichokiona. Akaingiza flopi, faili likafunguka, na juu kabisa pakawa na jina langu, jina la baba na la babu. Chini yake, pale palipokuwa na jina lake yeye Bwana Murtaza, hapakuwa na kitu.

Nilikuwa nimelifuta mwenyewe, kabla ya malaria. Niliona wale wa mjini wakiliona jina la Muhindi watasema ndiye aliyenitengenezea. Nilifuta kwa kidole kimoja, na sikuwaza mara mbili.

Alisoma taratibu mpaka mwisho. Kisha akavua koti, akalitundika.

"Na mie jina langu, Mwanaidi, ulilipeleka wapi?"

Hakunigombeza. Mkewe aliniletea chai kama kawaida, nikaiacha mezani. Jumamosi iliyofuata sikwenda, wala iliyofuata. Baadaye nikasikia wamehamia Kanada, na kwamba huko ndiko alikozikwa.

Siku hizi mwanangu ana simu ya bei mbaya, ambayo ndani yake ina damu ya ukoo uleule wa BSD, naye hajui na hataki kujua. Juzi nimemkuta ananakili kazi ya shule kutoka mtandaoni, neno kwa neno. Nikaja juu, nikamwambia enzi zetu tulisota, angalau aandike jina la mwenyewe. Hakuinua hata kichwa. "Kwani mama, atajua?"

Nilikwenda chumbani. Ile flopi ninayo bado, kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Nimeipeleka kwa mafundi wa Kariakoo watatu, nikiwaomba waifungue nirudishe mstari mmoja tu. Wote waliigeuza geuza mkononi. Wa mwisho, kijana mdogo, alinirudishia akaniuliza hiki ni kitu gani, bibi.