Picha ya Kwale Sebuleni kwa Dada

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri mrefu, macho ambayo bado yanasoma, na ndugu wa kubishana naye.

Mwaka huu dada yangu wa Kerenge aliomba khitma ya baba yetu isomwe kwake. Nilitoka Kwaluguru mapema. Sebuleni, juu ya mikeka tutakayokalia, nikaikuta picha niliyodhani ilikwisha kuliwa na mchwa: fremu nyeusi, kioo chenye madoa, ndani yake wazungu watatu wenye bunduki shambani. Ndege aina ya kwale wanaanguka. Mbwa amebana mmoja mdomoni, shingo imelegea, na wenye bunduki wanatabasamu.

"Iondoe," nilimwambia baada ya kuitikia shikamoo yake.

"Kaka, wewe hutaki picha ya kiumbe yeyote, hata kalenda yenye ng'ombe unaigeuza. Hii ni heshima ya baba. Meneja wa shamba la mkonge hakumpa mfanyakazi mwingine."

Miaka yote nilinyamaza ili nisimvunjie fahari hiyo. Lakini kumwombea baba chini ya picha ile nilishindwa. Nikamweleza alichonisimulia baba mara moja tu, katika ugonjwa wake wa mwisho.

Baba alikuwa mkata mkonge. Jumapili meneja alikwenda kuwinda kwale, na baba alifuatana naye, kwa sababu ndege waliobaki walipewa wafanyakazi. Wengi wao walikuwa Waislamu, na ndege aliyekufa kabla ya kuchinjwa ni kibudu. Basi kila bunduki ilipolia, baba alikimbia na kisu amuwahi ndege akiwa hai, apige bismillahi na kumchinja kabla mbwa hajafika. Meneja akaugeuza mchezo. Aliwaachilia mbwa na baba kwa pamoja, wageni wake wakipiga makofi. Siku wazungu hao walipoondoka, meneja alimpa baba picha hii, akagusa kioo pale alipo mbwa, akasema, "Huyu ni wewe."

Dada aliacha kuchambua mchele. "Mbona aliitundika?"

"Aliitundika mama. Alipenda kioo."

Dada alipanda kigoda, akaishusha mwenyewe, akamtazama yule mbwa kwa muda.

"Wale ndege, watu walikula?"

"Walikula. Halali, kila mmoja."

"Ungeniambia mapema, kaka. Nimewaonyesha wageni uchafu huu nikijisifu."

Nilitaka tuichome. Alikataa, moshi wake usiingie kwenye pilau, akaitupa kwenye shimo la taka, nami nikanawa mikono mara mbili ingawa sikuigusa. Kinyaa hicho hakijanitoka.

Khitma ilipokwisha, kabla ya dua, dada alisema kutoka upande wa wanawake, "Kaka, wasimulie kuhusu kisu cha baba." Nikasimulia. Mbwa sikumtaja.

Nawe msomaji, Mungu akulishe kilicho safi, na akupe watoto watakaokutaja kwa yale uliyoyafanya kwa ajili yake. Amina.