Picha Niliyoishusha Ukutani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mikono yangu inatafuta mahali pa kushika. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nafanya kazi kwa studio ya picha pale Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Ni miaka ile ya tisini, Kitengela ikiwa bado uwanda mtupu, na ukisimama mlangoni asubuhi unaona pundamilia wakila nyasi. Shule niliachia darasa la nane. Lakini ndoto nilikuwa nazo za kujaza gunia, na kubwa kuliko zote ilikuwa kuona picha niliyopiga mimi ikiwekwa dirishani, watu wakipita wasimame.

Mwenye studio, Bwana Mutua, alinituma Kajiado kupiga harusi ya serikali. Ilikuwa mara yangu ya pili. Mara ya kwanza nilirudi na picha nane, na kila moja ilikuwa na doa jeupe juu ya kichwa cha bwana harusi, kama mtu amemwashia taa kwenye utosi. Mwanga wa flashi ulikuwa umegonga kioo cha picha ya Rais, ile inayotundikwa nyuma ya meza katika kila ofisi ya serikali, ukarudi moja kwa moja kwa kamera. Bwana Mutua alizitazama moja moja, akaniambia, "Ukirudi na nyota tena, utafute na anga ya kuziweka." Na hakucheka.

Kwa hivyo nilifika Kajiado nikiwa na jambo moja tu kichwani: kile kioo.

Waliokuwa wanaoana ni Naserian, binti wa kutoka Bisil, na Mwendwa, kijana wa Machakos aliyekuwa akifanya kazi Athi River. Naserian alinivuta kando kwa korido akaniambia yote kwa pumzi moja. Ilani yao ya ndoa ilibandikwa ubaoni miezi mitatu iliyopita, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Ikipita, waanze upya. Na babake, Mzee Parsaloi, alikuwa amekataa miezi hiyo yote. Hakutaka kumtoa binti yake ndani ya ofisi, kwa mtu ambaye yeye hamjui hata babu yake. Alikubali juzi tu.

"Amesema anakuja mara hii moja tu," Naserian aliniambia, vidole vyake vikiwa baridi kwenye mkono wangu. "Yeye ndiye shahidi wangu. Akitoka kwa huo mlango kabla ya kuweka kidole kitabuni, hatarudi. Dada, tafadhali, mambo yaende vizuri."

"Wewe usijali," nikamjibu. "Nitakupiga picha mpaka ulie."

Nilidhani ananiomba picha nzuri. Ona vile mtu anaweza kusikia na asisikie.

Chumba kilikuwa kidogo: meza, kabati la mafaili, benchi, dirisha moja. Mzee Parsaloi alikuwa ameshakaa kwenye benchi na shuka lake jekundu, fimbo katikati ya magoti. Nilimpita. Karani alikuwa akipanga makaratasi, naye nikampita. Macho yangu yalikuwa ukutani. Nilisimama kulia, kioo kikang'aa. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, bado kinang'aa. Jasho likaanza kunitoka. Karani alipotoka kwenda kuchukua kitabu cha ndoa, nikamwambia bwana harusi kwa sauti ya chini, "Hiki kioo kitatuharibia. Nikishushe kidogo?"

Mwendwa alikuwa anapigana na tai yake. "Sijui. Wewe ndiye unajua kazi yako."

Nikapanda kiti. Nikamshusha Rais, nikamweka sakafuni kwa heshima, uso ukiangalia ukuta ili kioo kisichafuke.

Mwanangu, wewe umezaliwa wakati mtu anamcheka mkubwa wa nchi kwa simu yake kisha anaenda kulala. Enzi zile picha ile haikuwa picha. Ilikuwa ni yeye mwenyewe. Hata duka la sukari lilikuwa nayo, na hakuna aliyeigusa ila kwa kitambaa cha kupanguza vumbi.

Afisa wa kufungisha ndoa aliingia, karani na askari wakimfuata. Alikuwa anatabasamu. Akaketi, akafungua kitabu cha ndoa na kalamu, akageuka kidogo, na macho yake yakatua kwenye msumari mtupu.

"Mtukufu Rais ameenda wapi?"

Askari akaonyesha sakafuni kwa kidole.

"Ni nani amemgeuza Mtukufu Rais akaangalia ukuta?"

Afisa akafunga kitabu cha ndoa, pole pole, kama anafunga mlango. "Hapa hakuna ndoa leo mpaka nijue hii kazi imetumwa na nani. Msichana, ni hawa wamekutuma?"

Mzee Parsaloi akashika fimbo yake akasimama. Alimtazama binti yake tu, kisha akautazama mlango, na Naserian akasema, "Papa," mara moja.

Sasa nikuambie ukweli wangu wote. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: bwana harusi aliniruhusu. Si yangekuwa hata nusu ya ukweli? Nilimtazama Mwendwa. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua. Nikafikiria askari, nikafikiria mama yangu akiitwa. Halafu nikawaza vile vidole baridi vya Naserian.

"Hakuna aliyenituma, bwana," nikasema. "Hawa hawajui kitu. Ni hicho kioo. Mwanga wa kamera unagonga hapo unarudi, picha zinaharibika, na mimi naogopa mkubwa wangu wa kazi. Niliwaza kioo. Sikuwaza ni picha ya nani."

"Unamwogopa mkubwa wako kuliko wangu?"

Askari alikohoa, akaziba mdomo na kofia. Afisa hakumtazama. Alinikazia macho kwa muda mrefu.

"Mpanguze. Mrudishe. Kisha utoke, askari akae na wewe huko nje." Akafungua kitabu tena. "Kama hawa hawakukutuma, hawana kosa."

Nikapanguza kioo kwa leso yangu, nikatundika, nikaelekea mlangoni bila kumwangalia mtu. Mzee Parsaloi alikuwa bado amesimama. Nilipofika karibu naye, akaweka fimbo mbele yangu.

"Takwenya," akasema, akinisalimia kwa Kimaasai.

Nimekulia Kitengela, najua mzee akikusalimia hivyo unafanya nini. Nikainamisha kichwa. "Iko," nikajibu. Akaweka mkono wake mzito utosini kwangu.

"Sasa ndio umeniona," akasema. "Ukiingia kwa boma ya watu, unasalimia wenye boma ama unashika vitu? Hii ni boma ya huyu bwana. Mimi hata siipendi hii boma. Lakini niliingia, nikasalimia."

Akaondoa fimbo. Na baada ya kusema hayo mbele ya watu wote, akakaa chini.

Huko nje nilikaa kwenye benchi ya korido na kamera shingoni, filamu nzima ndani bila hata picha moja. Askari akaniambia, "Leo ungelala ndani, wewe, na hiyo kamera yako ikilala na wewe." Nilisikia kiapo kupitia mlango. Nikasikia watu wakicheka kidogo, pete ilikuwa imekataa kuingia. Kisha karani akisema, "Hapa, mzee. Dole gumba. Bonyeza." Ile ndiyo picha, mwanangu. Miezi mitatu ya kukataa ilikuwa inaisha kwenye kile kidole, na mimi nilikuwa natazama mlango uliofungwa.

Mwishowe mlango ukafunguka. "Mpiga picha," afisa akasema, "njoo upige moja. Moja tu. Na Rais akiwa mahali pake."

Niliingia. Safari hii nikasalimia kila mtu, hata askari niliyekuwa naye. Kisha nikauliza, "Naomba kujua, wenzangu wapiga picha husimama wapi?"

Karani hakuinua hata kichwa. "Pale kwa kabati. Wote husimama pale, kioo hakiwasumbui."

Ilikuwa hivyo tu.

Picha zilikuwa zikioshwa Nairobi, na kwa siku nne sikumeza chakula vizuri. Ile moja iliporudi haikuwa na nyota. Naserian alikuja kuichukua, akageuza bahasha akitafuta zingine. "Ya baba akiweka kidole iko wapi?"

"Haiko, dada. Nilikuwa nje kwa makosa yangu."

Akaiangalia ile moja. Wote wamesimama wima kama miti ya nyaya za stima. Babake yuko mwisho, na ameinua dole gumba mbali na shuka, jeusi kwa wino, asijichafue. Naserian akacheka, kisha machozi yakamtoka. Ilikuwa picha nzuri. Haikuwa ile aliyoitaka, na sote wawili tulijua.

Sasa, mwanangu, unayeanza kazi yako, nisikilize. Kazi yako itakuingiza mahali pa watu, katika siku zao kubwa, nawe utakuwa na hofu zako ndogo mfukoni. Usiruhusu hofu yako ikufiche watu. Wasalimie kwanza, uulize kabla ya kugusa, maana mara nyingi jibu analo karani ambaye hukumtazama. Na ukikosea, ukubali mapema, kabla kosa lako halijawaangukia wasio na hatia. Kukubali hakutakurudishia ulichopoteza. Lakini wengine wataendelea na siku yao.

Mungu akupe macho yanayoona watu kabla ya vitu, na ulimi usiotafuta wa kumsukumia lawama. Kila nyumba utakayoingia, utoke ukiwa umeacha amani ndani. Na iwe hivyo kwako, na kwa watoto utakaowazaa.