Landrova Chini ya Dirisha la Baba

Watu wa mtaani kwetu waliponiona nimekunja mikono ya buibui na kuingia chini ya gari, walidhani nimerogwa. Mimi ni mwanamke wa makamo, nauza dawa katika duka karibu na Marikiti, na mpaka mwaka huo sikuwa nimewahi kushika spana. Hata tairi likipasuka nilikuwa nikimwita mtu. Lakini nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ghorofani, imeketi dirishani, imekunja uso.

Baba alikuwa ameanguka ngazini. Anayezijua nyumba za Mji wa Kale anazijua ngazi zetu: nyembamba, zimesimama wima, zina giza hata saa sita mchana. Alivunjika nyonga, akapasuliwa, akapona. Daktari alisema atatembea kwa mkongojo, na kweli alitembea, kutoka kitandani hadi msalani na kutoka msalani hadi dirishani. Ngazini hakutaka kusikia. Ijumaa alisali chumbani. Wenzake wa barazani walikuwa wakisimama chini kumwamkia kwa sauti, naye akiwajibu kwa mkono. Nikimwambia tushuke alisema, "Kesho, mwanangu, inshallah," na kesho hiyo haikufika.

Nilikuwa na hofu, na naisema kama ilivyokuwa. Mama naye, alipougua, aliacha kushuka ngazi zile. Siku aliyoshuka alishushwa kwenye jeneza. Niliogopa kwamba Baba naye atashuka vivyo hivyo.

Ubavuni mwa nyumba yetu, chini ya dirisha lake, pana kiwanja kidogo ambapo zamani palikuwa na nyumba ya jirani, ikaanguka. Hapo ndipo ilipokaa landrova ya Baba. Alikuwa bwana mifugo, ameizungusha bara miaka na miaka akichanja ng'ombe, na serikali ilipoiuza kwa mnada akainunua yeye. Usukani hakumwachia mtu, hata Mama, hata mimi. Sasa paka walikuwa wakizalia kwenye kiti cha nyuma. Nikawaza, kama kuna kitu duniani cha kumshusha mzee huyu, ni hiki. Gari likinguruma chini ya dirisha lake atashuka mwenyewe.

Nilimpata fundi mmoja, Mkristo kutoka bara, mpangaji wa jirani zetu, anayetengeneza mitambo bandarini. Alikuwa akija Jumapili akitoka kanisani. Siku ya kwanza alilala chini ya gari, akaigonga chesesi, ile fremu inayobeba gari, kwa bisibisi, na bisibisi ikapenya.

"Dada," akasema kutoka huko chini, "hili gari limeliwa."

Chumvi ya kisiwa hiki haina cha mswalie Mtume. Fundi alikata palipooza, akachomelea mabati mapya, akaniachia kazi moja rahisi: kupaka rangi ya kuzuia kutu. Mimi nikajifanya mjuaji. Nilikumbuka kwamba watu wa mashua hupaka mbao zao sifa, yale mafuta ya papa. Nikaona dawa inayolinda mbao zinazoshinda majini haiwezi kushindwa na chuma kilicho nchi kavu. Nikanunua debe zima, nikaipaka chesesi yote huku nikiimba. Kufika adhuhuri, jua limepamba moto, harufu ilikuwa imeshafika barabara ya Ndia Kuu. Wenye maduka ya vinyago walifunga milango. Paka wa mji mzima walikutana kiwanjani kwangu kulamba gari, na jirani mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama nimefungua kiwanda. Nilikuwa karibu kulia niliposikia sauti kutoka juu. Baba alikuwa anacheka. Tangu aanguke sikuwa nimeisikia sauti hiyo.

"Mwanangu, hini ni gari au ni jahazi?" akauliza.

Kisha akashusha kapu. Nyumba nyingi hapa zina kapu la kamba, la kuteremshia dirishani akipita mchuuzi wa mkate au wa ndizi, usihangaike na ngazi. Letu lilikuwa la Mama. Ndani yake Baba alikuwa ametia sabuni na ndimu iliyokatwa. Nilipokwisha kunawa nikatia ndani kabureta, nyeusi kama sufuria ya kuni, nikamwambia avute. Alivuta. Jioni ikateremka inang'aa.

Basi ndivyo tulivyofanya kazi. Nikifungua kitu chepesi kinapanda, na kikishuka kimesuguliwa kwa mafuta ya taa, nati zake zimefungwa pamoja kwenye kitambaa zisipotee. Kwa vitu vizito alitumia ulimi. "Taratibu! Hufungi chupa ya achari hapo!" Au, "Hiyo yaingia kinyume, igeuze." Fundi alimzoea, akawa kila akikwama anatoa kichwa na kuuliza, "Mzee, wasemaje?" Nilijifunza breki, nikajifunza klachi, nikajifunza kutukana kimoyomoyo vidole vikibanwa. Nilifurahi miezi ile kuliko nilivyotegemea.

Siku injini iliposhika, Baba alipiga makofi dirishani. Nikakimbia juu nikihema. "Haya, tushuke!"

"Kesho, mwanangu, inshallah."

Iliniuma. Mimi nikikasirika huwa siketi, huongeza kazi. Katika simu nilikuwa nimeona vijana wanaoyafufua magari ya kale na kuyainua juu, matairi mapana, yakipanda majabali na kuvuka mito. Nikasema, kama mlio haukumshusha, sura itamshusha. Fundi alikuwa na uchu wa jambo hilo kuliko mimi. Tukatia springi ndefu, tukavisha matairi makubwa, na landrova ikasimama kama fahali. Wazee wa barazani walikuja kulizunguka gari, wakasema mashallah. Nikapaza sauti, "Baba, tazama!"

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akafunga dirisha.

Kapu halikushuka siku hiyo, wala siku zilizofuata. Juu alikula kidogo, akaongea habari za joto. Nikashindwa kuvumilia. "Kama umechukia kwamba nimekuharibia gari lako, niambie."

"Sikuchukia. Gari nzuri. Ni ya vijana."

Nilishuka nimebamiza mlango. Wazee na vitu vyao, nilijisemea, havitaki kuguswa. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika.

Asubuhi moja, nikiwa kiwanjani nakaza taa, dirisha likafunguka na kapu likaja chini. Ndani yake ulikuwa umesimama mkongojo wake. Nilishtuka, kwa sababu bila mkongojo Baba hawezi hata kutoka pale kitini. Juu kidogo ya ncha ya chini palikuwa pamefungwa kipande cha leso, leso ya Mama.

"Usimamishe mkongojo hapo mlangoni mwa gari," akasema.

Nikausimamisha. Pale pa kukanyagia mtu anapopanda palikuwa juu ya kile kitambaa, juu sana.

"Hapo kwenye leso ndipo mguu wangu ufikapo," Baba akasema. "Ukenda kazini, miye nalikuwa nauinua hapa kwenye ukingo wa kitanda. Leo hapa, kesho juu yake kidogo. Na ngazi pia nalikuwa nazijaribu, nashuka nusu, narudi. Sikukwambia, nisije nikakutia tamaa ya bure. Kwa gari ilivyokuwa, nalikuwa n'shafika."

Nilikaa chini palepale, kwenye oili, na buibui langu, nikalia. Mzee wa watu alikuwa akinijia kidogo kidogo, kimya kimya, peke yake katika lile giza la ngazini. Nami nilikuwa nimetia jeki nikaliinua gari kutoka hapo alipokuwa ameshafika.

Jumapili nilimwambia fundi turudishe springi za zamani. Alidhani namtania. "Dada, hata hatujalitembeza!" Nikamwonyesha mkongojo na ile leso. Aliushika, akaupima mlangoni kama nilivyopima mimi, akavua shati lake la kanisani na kuomba spana. Tulirudisha springi, tukarudisha matairi madogo. Kisha tukachomelea ubao wa chuma wa kukanyagia, chini kuliko ule wa kwanza, na mshikio imara kando ya mlango. Katika yote niliyolifanyia gari lile, hayo mawili ndiyo ninayoringia.

Siku yenyewe aliniamuru nisimame chini nisimshike. Nilisimama mlangoni nikiusikiliza mkongojo gizani, ukigonga, ukinyamaza, ukigonga tena. Ulinyamaza mara moja kwa muda mrefu, nikaziba mdomo kwa mkono nisimwite. Halafu akatokea juani, kanzu imepigwa pasi, kofia sawasawa, ananukia udi, macho ameyafumba nusu kwa mwanga. Wa barazani wakainuka wote. Aliwaamkia mmoja mmoja, akawauliza hali na watu wa nyumbani, hakuharakisha hata salamu moja.

Nilikuwa nimemfungulia mlango wa dereva. Aliupita, huku mkono ukipapasa boneti, akazunguka mpaka upande wa pili.

"Endesha weye," akasema. "Wayuwa. Nimekusikiliza."

Akausimamisha mkongojo, akatazama palipofungwa leso, akashika mshikio, akainua mguu. Aliketi. Akavuta hewa puani. "Jahazi," akasema, kwa maana harufu ya sifa haijatoka mpaka leo.

Nikawasha. Injini ikashika, ikakohoa kidogo, ikatulia, nami kwa mazoea nikatoa kichwa nje kumwuliza kama mlio uko sawa. Kapu lilikuwa linaning'inia. Dirisha lilikuwa wazi, na pale dirishani hapakuwa na mtu. Nikasahau kwamba ameshashuka, nikashika mlango nikimbilie ngazini.

"Watafutani huko juu?" ikasema sauti ubavuni pangu. "Miye ni hapa."