Penseli ya Bwana Shamba

Harufu ya nta ya sakafu hunipandisha hasira mpaka leo. Juzi niliingia ofisi moja hapa Mbinga, sakafu nyekundu imetoka kung'arishwa, nikasahau hata kilichonipeleka. Nilirudi kwenye nyumba ile ya kale, nina miaka tisa, nimeshika kitenge cha bibi.

Ilikuwa nyumba ya bwana shamba Mzungu, enzi za ukoloni. Baadaye waliifanya makumbusho, wakatangaza siku ya familia: watoto waje na wazee wao, wajifunze historia. Bibi yangu, mama yake mama, alishuka kutoka Maguu na kitenge chake cha kanisani, viatu kavibeba mkononi visije vikachafuka, na hata mle ndani hakuvivaa. Niwaambie ukweli, alifurahi kuliko mimi.

Katika chumba cha mwisho walikuwa wamefinyanga mfano wa ngoro, yale mashimo yetu ya mraba mlimani, nyasi chini, udongo juu, ili mvua isiondoke na shamba. Kando yake palikuwa na jembe. Bibi alilichukua bila kuwaza, awaonyeshe watoto namna ya kufukia nyasi. Kwetu wanaume hufyeka na kupanga nyasi, lakini kuchimba ni kazi ya wanawake, na bibi aliianza kabla hajavunja ungo.

"Shikamoo bibi," alisema dada aliyekuwa akituongoza, kwa adabu zote. "Samahani, vitu vya maonyesho haviguswi."

"Marahaba," bibi akajibu, akalirudisha jembe taratibu.

Dada akatugeukia watoto. "Haya, nani aliwafundisha wazee wetu kulima ngoro?"

Jibu lilikuwa kwenye kibao ukutani, kwa herufi kubwa, chini ya picha ya Mzungu mwenye kaptura. Mimi kusoma nilijua, na kiherehere nilikuwa nacho. Nilinyoosha mkono mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu.

"Bwana shamba!"

Chumba kizima kikapiga makofi. Nikapewa penseli mpya yenye kifutio.

Wiki iliyofuata tulikuwa shambani kwa bibi, nyasi zimeshapangwa na wajomba. Alishika jembe, akasimama tu, ananitazama.

"Mjukuu wangu, tuanze, au tumngoje bwana shamba?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aliinama, akaanza kuchimba.

Bibi alifundishwa na mama yake, naye na mama yake, tangu kabla ya kaptura yoyote kukanyaga milima hii. Kibao bado kipo pale ukutani. Nimewaandikia watu wa makumbusho, wamenijibu kwamba suala langu linafanyiwa kazi, na kila siku ya familia watoto wetu wanalishwa uongo uleule na kupewa penseli. Nina hasira nao. Nina hasira zaidi na mtoto yule aliyesimama kwa vidole, maana yeye alijua. Alikuwa ameona mikono ya bibi yake.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile ya makumbusho bibi alinyamaza kwa kuwaogopa wenye nyumba. Hakuwa mwoga hata kidogo. Angefungua mdomo, mimi ndiye ningeumbuka mbele za watu. Nilipogeuka na penseli yangu nimtafute, alikuwa ameweka viatu vyake sakafuni, na yeye pia alikuwa anapiga makofi.