Lita na Ishirini Yake

Saa kumi na moja alfajiri, mfuniko wa birika unachezacheza juu ya chai huko Ng'ambo, Tabora. Paskazia anaipua birika, anajifunga kanga, anasugua macho. Hayajapumzika vizuri tangu Jumatatu.

Kazi yake ni kupanga herufi za madini ya risasi, moja moja, katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini. Mwaka wa kumi na tisa huu, anaifanya akiwa amesimama. Siku hizi ratili na galoni zinaachwa, kila kitu ni gramu na lita, na karatasi za maelekezo ya wakulima haziishi.

"Miguu imezoea," anasema. "Macho ndiyo yamekataa."

Leo anayemsubiri kiwandani ni Lugembe, mkulima wa tumbaku aliyekuja kwa baiskeli kutoka Sikonge. Msimu uliopita alifuata karatasi iliyochapwa kwingine. Mstari mmoja uliishia na neno "lita". Uliofuata ukaanza "20 mbolea". Akadhani ishirini ni ya mbolea, si ya maji, akatia vikopo ishirini vya mbolea kitaluni, na miche yote ikaungua.

"Kitalu kikiungua tena, nyumbani hatuna mbegu nyingine," anasema.

Paskazia ana desturi yake. Karatasi ya majaribio humpa atakayeitumia aisome kwa sauti, naye husikiliza anapokwama.

Lugembe anasoma, kidole kikitambaa. "Maji lita..." Kidole kinashukia mstari wa pili. "Ishirini mbolea?"

Paskazia anainama kutazama. Lita na ishirini zimeachana tena, safari hii mkononi mwake.

"Pole, baba. Shilinde, legeza fremu ya herufi."

Shilinde, fundi wa mtambo wa kuchapa, anashika kiuno. "Mama, basi la Sikonge litaziacha karatasi!"

"Liende. Baba ana baiskeli."

"Na mgongo ninao," Lugembe anasema, wote wanacheka.

Dolatbai, mke wa mwenye kiwanda, anainuka. Anamsogezea Paskazia kigoda chake mwenyewe.

Paskazia anapangua mistari minne ili "lita 20" zikae pamoja. Palipobaki wazi anajaza vipande vya risasi visivyo na herufi. Anasugua macho, anaendelea.

Mara ya pili Lugembe anasoma hadi mwisho bila kukwama. Mtambo unaanza kunguruma.

Mwezi ujao Paskazia anatarajia kwenda hospitali kupimwa macho, apate miwani. Akiipata, anataka afanye kazi mpaka binti yake, Imakulata, amalize chuo cha ualimu. Baada ya hapo, anasema, atakaa.

Basi limekwisha kuondoka. Lugembe anafunga furushi la karatasi kwenye baiskeli kwa mpira.

"Miche ikisimama, uje uniambie," Paskazia anamwambia. "Isiposimama pia, uje."