Kusimama kwa Mguu Mmoja

Ngamia hakamuliwi kwa kuketi. Unasimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili unauegemeza gotini, na juu ya paja lililoinuka unaweka chombo. Ujanani, kule Hulugho, niliwakamua hivyo ngamia kumi mfululizo huku naimba, ndugu yangu akikamua upande wa pili. Lo, siku zile! Ukianguka, unainuka, unajipangusa vumbi, basi.

Mwaka jana nilianguka uani kwangu, hapa Garissa. Sikuvunjika, alhamdulillahi, lakini kitu ambacho zamani kingepoa kwa siku tatu kilinilaza miezi mitatu. Nilipoinuka, mapaja yalikuwa yamenyauka. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, akataka ngamia wangu wa mwisho apelekwe kwa ndugu yangu Hulugho.

"Aabo," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita baba, "akikupiga teke moja tu, tutakuzika."

"Ebo! Ngamia niliyemzalisha kwa mikono yangu hii?" Nikaapa mbele ya nyumba nzima: nikimkamua mpaka chombo kijae, anabaki. Nikimwaga, aende zake.

Jioni binti akaniletea kiti cha plastiki. Nikakipiga teke kwa hasira, nusura nianguke papo hapo.

Nikainua mguu. Maziwa yakafika nusu, povu likipanda, na harufu ya chombo kilichofukizwa moshi ikanirudisha Hulugho mzima mzima. Hata nikaanza kuimba. Mara goti likatetemeka. Nililikaripia, nikalitukana, wallahi mwishowe nikalisihi. Halikunisikia. Maziwa yote yakamwagika mchangani.

"Tuseme hatukuona, aabo," binti akanong'ona, machozi yakimlengalenga.

Nilitamani kukubali, Mungu anajua. Lakini nilikuwa nimeapa. "Mpigie simu mwenye lori," nikamwambia.

Ngamia akaenda. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na mimi naulilia bila haya. Asubuhi iliyofuata niliingia kwenye boma lake tupu, nikajaribu kusimama kwa mguu mmoja, chombo kitupu pajani. Binti akanikuta. Nilidhani atanigombeza. Akaja upande wa pili, pale aliposimama ndugu yangu siku zote, akanipa bega lake nilishike, tukaanza kuhesabu sekunde.

Siku hiyo tulifika nne. Leo tumefika tisa.